Miguu ya Mbwa wa Memsabu Vosloo

Jumatatu, 6 Juni 1938

Mvua tangu alfajiri. Viatu vyangu vimekwisha leo, matope ya mji huu wa Sisibo yamevimaliza.

Saa nne Memsabu Vosloo wa shamba la Sergoit alifika kwetu ofisi ya mifugo na gari, nyuma kuna mbwa. Mtoto wa miezi mitano, wa ile mbegu kubwa ya kuwinda simba, manyoya ya mgongo yamelala kinyume. Jina lake Wagter. Watu wa shamba wanasema Wakta, na mimi nitaandika hivyo.

Miguu yake ya nyuma! Kama nguzo za ua. Kutoka kucha mpaka paja unene ni mmoja, kifundo hakionekani. Nikabonyeza kidole, shimo likabaki pale, kama umebonyeza ugali. Lakini hakuna joto. Hakuna kidonda. Hakuna alama ya kamba. Na mbwa hakulia hata kidogo — alinilamba mkono.

Bwana mmoja mkubwa kutoka Nairobi alikuja juzi kumchukua, akaona miguu, akamkataa. Sasa Memsabu anasema mtunza mbwa wake, arap Lelei, alikuwa akimfunga kwa ukanda wa ngozi ili asitoroke, ndiyo maana miguu imefura. Alisema hivyo huku akivua glavu, kidole kimoja kimoja. Daktari Pelham, bwana wangu hapa kazini, akamjibu: inawezekana.

Inawezekana! Kwake ni neno tu la kumpendeza mgeni.

Nilitafuta tezi nyuma ya goti. Kila mbwa anayo, kama punje ya haragwe chini ya ngozi. Miaka tisa nashika mbwa wa wazungu na sijaikosa hata siku moja. Kwa Wakta haipo. Kulia haipo. Kushoto haipo. Nikamwambia Daktari. Akasema, Phineas, wewe shika kichwa.

Nikashika kichwa.

Jumanne, 7 Juni

Mbwa ameachwa kwetu, banda la tatu. Nimefanya kazi kama nilivyofundishwa. Damu ya sikio kwenye kioo, chini ya darubini: hakuna homa ya kupe, hakuna minyoo. Mkojo nikauchemsha — haukuganda, figo ni nzima. Moyo unapiga sawa. Nimeandika yote kwenye kitabu cha ofisi. Daktari akatia sahihi bila kusoma.

Mchana tukapata habari. Askari walimchukua arap Lelei jana. Kesi tarehe 20, kwa kosa la kumtesa mnyama. Na akipatikana na hatia, Memsabu amesema, jamaa yake yote itoke shambani pamoja na ng'ombe wao.

Mzee huyo alikuwa anachunga pale kabla Memsabu hajapiga msumari wa kwanza wa ua wake. Sasa atatolewa kwa sababu ya miguu ya mbwa.

Alhamisi, 9 Juni

Leo mke wa arap Lelei amekuja. Jepkosgei. Ametembea kutoka Sergoit, nguo imelowa mpaka magotini. Daktari alikuwa ndani na Memsabu mwingine mwenye paka, basi tukaongea nyuma ya banda.

Akaniita Daktari. Nikamwambia, "Mama, mimi si daktari. Mimi ni msaidizi tu."

"Sasa nani anajua ugonjwa wa huyu mbwa?"

Kwa kweli aliyekuwa anataka kujua ni mimi peke yangu.

Akaniambia mambo. Wakta alizaliwa hivyo. Siku ile ya kwanza kabisa, macho bado yamefunga, miguu tayari imejaa. Walizaliwa sita. Watatu walikuwa na miguu hiyo. Wawili walikufa, Memsabu mwenyewe akaamuru wazikwe nyuma ya kibanda cha maziwa na watu wasiongee. Na uzao wa mwaka jana, mama yuleyule, mmoja alikuwa vilevile.

"Mzee wangu alikuwa anakanda hiyo miguu na maji moto kila asubuhi," alisema. "Anaanza chini anapandisha juu. Ikipungua, anafurahi kama mtoto. Ukanda wa ngozi hakuna. Ukanda wa ngozi angetoa wapi? Hata wa suruali yake ni kamba ya katani."

Nikamwuliza kama atasema hayo mbele ya hakimu. Akanitazama kama nimeuliza kitu cha kipumbavu. Akasema ataongea, lakini nani atasikiliza mke wa mshtakiwa?

Hakukaa. Ana ng'ombe wa kukamua. Ng'ombe wa Memsabu.

Ijumaa, 10 Juni

Baada ya kazi nimezunguka lokesheni nzima, huu mtaa wetu wa watu weusi, nikishika mbwa wa watu nyuma ya magoti. Mbwa ishirini na wawili! Wa kijivu, wenye upele, wembamba wa kuhesabu mbavu. Wote wana tezi. Hata yule jike mzee wa nyuma ya kinu, anayeng'ata kila mtu, anayo. Ameniachia alama ya meno kwenye kiganja.

Jirani yangu Wangila, seremala, alicheka mpaka akaweka randa chini. Akasema mshahara wa serikali umenitia wazimu. Nikamweleza. Mwili una mishipa ya damu, na una mishipa mingine myembamba sana ya maji. Maji yanayobaki kwenye nyama yanachukuliwa na mishipa hiyo, yanapita kwenye tezi, yanarudi moyoni. Kama mfereji haukuchimbwa, maji yatakwenda wapi? Yatakaa mguuni.

Wangila akaacha kucheka. Akasema, kwa hiyo mbwa alitoka tumboni bila mfereji?

Ndivyo ninavyofikiri. Lakini ni fikira ya mtu mweusi juu ya mbwa wa mzungu. Haina uzito hata wa unyoya.

Jumapili, 12 Juni

Baada ya kanisa nimekwenda mahabusu. Askari wa zamu ni mtu wa kwetu, akanipa dakika tano.

Nilidhani nitamkuta arap Lelei na hasira. Ni mzee mwembamba, masikio yametogwa, magoti yamekauka. Wamemnyang'anya blanketi yake na kumpa ya jela. Nikamsalimu, nikamwambia mimi ni nani. Neno lake la kwanza:

"Anakula?"

Nikasema nani, Mzee?

"Wakta. Hapendi uji ukiwa na moto. Lazima upoe. Na miguu, nani anaikanda?"

Hakuna aliyeikanda siku sita. Akanionyesha kwa mikono yake miwili juu ya mguu wake mwenyewe, polepole, kutoka kidole kupanda juu. Askari akasema muda umekwisha.

Nimerudi nyumbani nikitukana moyoni. Halafu nikapitia bandani, nikachemsha maji, nikamkanda mbwa nusu saa. Miguu ilipungua! Kidogo, lakini ilipungua. Mzee ambaye hajui kusoma amegundua dawa kabla ya sisi kugundua ugonjwa. Na ndiye aliye ndani.

Jumatatu, 13 Juni

Daktari ameondoka asubuhi kwenda Moiben, kuna sotoka, ile tauni ya mifugo, kwa ng'ombe wa wazungu huko. Siku mbili. Nimebaki na funguo.

Lazima niandike hii vizuri, hatua kwa hatua.

Nilichukua ile rangi ya buluu tunayopaka kwenye vioo vya darubini. Nikaichemsha, nikaichuja, nikaipunguza kwa maji ya chumvi. Nikaomba mbwa wa Wangila, Popi. Nikamnyoa mguu wa nyuma, nikadunga tone moja chini ya ngozi kati ya vidole. Nikakanda kwenda juu. Nikangoja.

Baada ya muda mfupi — uzi! Uzi wa buluu chini ya ngozi, mwembamba kama wa kushonea, unapanda. Halafu wa pili. Zikapanda mpaka nyuma ya goti, pale penye tezi, zikaishia hapo. Niliona kwa macho yangu mfereji ambao nilikuwa nimeusoma tu kwenye kitabu.

Sasa Wakta. Rangi ileile, sindano ileile, mahali palepale. Nikakanda. Nikangoja. Rangi ikatawanyika kama wino kwenye karatasi mbovu. Doa. Doa likapanuka, halikupanda. Hakuna uzi hata mmoja. Nikajaribu mguu wa pili — doa. Nikajaribu mguu wa mbele ambao haujafura sana — uzi mmoja, umepinda, umekatika njiani.

Hakuna mfereji. Hakuwahi kuwa nao. Hakuna ukanda wa ngozi duniani unaoweza kuondoa mshipa ambao haukuumbwa!

Niliruka. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, naruka kwenye banda la mbwa peke yangu. Wakta naye akaruka, na ile miguu yake mizito.

Jumanne, 14 Juni

Wangila amekuja kulalamika, Popi ana unyayo wa buluu na watoto wa lokesheni wanamwita mbwa wa polisi, eti amevaa sare. Nimemwambia itatoka. Sina hakika kama itatoka.

Jumatano, 15 Juni

Daktari amerudi saa nane, buti zimejaa kinyesi cha ng'ombe. Nikamwambia mara moja, maana madoa yalionekana na kujificha hakufai.

Kwanza aliwaka. Nani aliniruhusu kudunga mbwa wa Memsabu? Najua kwamba ningeweza kumwua? Najua yeye ndiye angeulizwa? Nikamfungulia banda la tatu. Nikasema, tafadhali, Bwana, tazama tu.

Akatazama. Akashika nyuma ya goti. Akashika tena. Akachuchumaa kwenye majani machafu ya banda, akashika mguu wa pili huku amefumba macho. Nilimwona akibadilika, mtu wa hasira ameondoka na mwanafunzi amekuja. Akasema kwa sauti ndogo: "Good Lord."

Tulifanya jaribio lote upya. Yeye alidunga, mimi nikakanda. Alichora kwenye daftari lake, penseli nyekundu na ya buluu. Akaniuliza nilijuaje. Nikamweleza habari za Jepkosgei, watoto waliozikwa, uzao wa mwaka jana. Akaandika yote. Akasema ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, kwa watu umeandikwa, kwa mbwa hajapata kusoma popote. Akanipiga bega. Akasema, Phineas, umefanya vizuri sana.

Naandika ukweli: nilifurahi. Nimetembea mpaka nyumbani kama mtu aliyebatizwa.

Ijumaa, 17 Juni

Mimi ni mjinga.

Leo nimemwuliza, na kuhusu mzee? Atamwandikia hakimu? Alikuwa anasafisha miwani. Akaendelea kusafisha. Akasema korti imemwomba maoni, ndiyo, atatuma barua. Nikasema, basi mzee atatoka Jumatatu.

Akasema si rahisi hivyo. Memsabu ameuza mbegu ya mbwa hao kote, mpaka Nairobi, mpaka kwa watu wakubwa. Ikisemwa kortini kwamba ugonjwa umo kwenye damu ya mbwa wake, ufugaji wake umekufa. Na yeye Daktari ni mtu mmoja katika wilaya ndogo. Kila Jumapili wanakula pamoja. "Kuna mambo ya darubini," alisema, "na kuna mambo ya majirani."

Nikasema, "Arap Lelei pia ni jirani yake, Bwana. Nyumba yake iko hatua mia mbili."

Akavaa miwani. Akasema nenda ukaoshe mabanda.

Nimeosha. Banda la tatu nimeliosha mara mbili.

Jumamosi, 18 Juni

Kazi nusu siku. Saa saba kasoro, posta imeshafunga, Daktari ameniita. Mezani kuna barua mbili amepiga taipu asubuhi hii. Akasema Jumatatu mapema nipeleke hii moja kortini na ile nyingine posta, ni ya gazeti la madaktari wa mifugo huko Uingereza. Nizifunge, niandike anwani. Halafu akaondoka kwenda kucheza tenisi.

Kuzifunga ni kazi yangu. Kwa hiyo zilikuwa wazi. Anadhani kwa sababu naongea naye Kiswahili, Kiingereza changu kinaishia kwenye majina ya dawa.

Ya korti: mistari minne. Amempima mbwa. Chanzo cha uvimbe hakiwezi kujulikana kwa hakika. Madhara ya kufungwa kwa nguvu hayawezi kukanushwa. Wako mtiifu.

Ya Uingereza: kurasa tano na mchoro. Uvimbe wa kuzaliwa nao katika mbwa, jambo geni kabisa. Tezi hazipo. Mishipa haipo. Jaribio la rangi — "nililolibuni mimi." Watoto watatu katika sita, na mmoja wa uzao uliopita, kwa hiyo ni wa kurithi. Hakuna jeraha lolote la nje lililohusika. Ameandika hivyo! Yeye mwenyewe, hakuna jeraha lolote la nje. Na chini kabisa ananitaja: "boi wangu alimshika mbwa."

Nina miaka thelathini na sita.

Nilisoma zote mbili mara tatu. Sahihi ni moja. Tarehe ni moja. Hata herufi e ya taipu yake imekatika mahali pamoja.

Jumapili, 19 Juni

Sikwenda kanisani. Rosebella aliporudi na watoto alinikuta nimekaa palepale aliponiacha. Mke wangu si mtu wa kuzungukazunguka. Akauliza kuna nini. Nikamwambia yote, na nikamwambia ninachofikiria.

Akasema, "Huyo mzee ni wa kwetu?"

"Hapana."

"Ulimjua zamani?"

"Nilimwona dakika tano."

Akaenda kuinjika chungu. Akarudi. Akasema nikifukuzwa tutatoka nyumba hii ya serikali siku hiyohiyo, najua? Najua. Na barua ya Bwana ikisomwa na mtu mweusi, hiyo ni jela, najua? Najua. Akasema kule kwetu Kimilili kaka yangu amelima mpaka mlangoni, hatatupa hata mahali pa kupanda sukuma. Yote ni kweli. Nilingoja aseme usifanye.

Hakusema. Alisema, "Yule mama alitembea kutoka Sergoit na mvua ile, na hukumpa hata chai." Basi. Akapakua chakula.

Sijui alikuwa anamaanisha nini. Nadhani najua.

Jumatatu, 20 Juni

Naandika kwenye benchi la korti, kwa penseli. Saa tatu u nusu.

Nimefanya. Barua zote mbili nimezitia kwenye bahasha moja, na mchoro wa buluu juu. Nikaandika: Kwa Hakimu. Nimempa karani. Akahisi uzito, akauliza, ndefu hivi? Nikasema ni za Daktari zote, amezitia sahihi zote. Si uongo. Mimi si shahidi, mimi si daktari. Lakini yeye ni daktari mara mbili — acha wachague wamwamini yupi.

Saa tatu Daktari alifika kwa gari pamoja na Memsabu Vosloo. Alikuwa na furaha. Akanisalimu, akaniuliza ile ya Uingereza nimeipeleka? Nikasema imefika salama, Bwana. Memsabu akaniambia, wewe toka njiani. Wakaingia.

Arap Lelei yupo mwisho wa benchi hili, pingu mkononi, askari kando yake. Jepkosgei amekaa chini, ukutani, na ile chai niliyompa. Kesi ilikuwa ianze. Haijaanza. Karani alitoka mara moja, akaita Daktari Pelham, chumba cha hakimu, peke yake. Mlango ukafungwa.

Ni muda sasa. Hakuna kelele. Ningependa wapige kelele.

Mzee ameniuliza kwa Kiswahili chake cha shida, wanafanya nini huko?

"Wanasoma, Mzee."

"Wanasoma nini?"

"Miguu ya Wakta."

Akafikiri. Akasema wasome, lakini wasisahau kwamba leo hajakandwa.

Memsabu anatembeatembea barazani, visigino ko, ko, ko. Amesimama mbele yangu. Ananitazama kwa mara ya kwanza tangu anijue — ananitazama uso, si mikono. Ananiuliza naandika nini. Nimesema hesabu ya dawa, Memsabu. Haondoki.

Mlango umefunguliwa. Daktari amesimama pale. Uso mweupe kama chokaa, karatasi zote mkononi, na hakimu nyuma ya bega lake. Haniangalii mimi. Anamwangalia Memsabu, anasema, "Hakimu amezisoma barua zote mbili."